Ufunguo wa Maktaba

Msomaji, katika shule yako yuko mtu mmoja ashikaye ufunguo wa maktaba. Yamkini ni mkutubi aliyesomea kazi hiyo chuoni. Lakini katika shule nyingi za sekondari za Kenya mtu huyo ni mwalimu mwenye vipindi vyake darasani kama walimu wenziwe, ambaye siku moja aliitwa ofisini, akakabidhiwa ufunguo na daftari, akaambiwa avilinde vitabu vya shule. Mimi ni mmoja wao. Nilitoka chuo cha ualimu na stashahada ya kufundisha Kiswahili na historia, nikapelekwa shule ya bweni mashambani, na katika muhula wangu wa pili ufunguo ukawa mfukoni mwangu. Umekuwamo kwa miaka tisa sasa.

Juu ya kazi hii nakuandikia wewe, wala siwaandikii walimu wenzangu, kwa kuwa jambo hili ni lako kuliko lilivyo letu. Viranja wa maktaba huchaguliwa miongoni mwenu, na mara nyingi kiranja ndiye akaaye mlangoni wakati mwalimu yumo darasani. Tena wewe ndiwe mwenye haki ya kuuliza kwa nini mlango ule umefungwa.

Neno nililopewa pamoja na ufunguo lilikuwa "kulinda," nami nimelifikiri sana neno hilo. Kitu hulindwa dhidi ya adui. Adui za kitabu ni mchwa, panya, mvua ipitayo katika bati lililotoboka, jua la dirishani, na mende wapendao gundi ya mgongoni. Hao wote nawajua na nimepigana nao. Lakini nilipoyatazama makufuli matatu ya makabati yetu niliona kuwa hakuna mchwa azuiwaye na kufuli. Makufuli yale yaliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi.

Wala hilo si jambo geni duniani. Zamani huko Ulaya, kabla ya mashine za kupigia chapa kuenea, kitabu kiliandikwa kwa mkono kwa muda mrefu, juu ya ngozi za wanyama wengi, na kupotea kwake kulikuwa hasara kubwa. Kwa hiyo vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, maktaba ya namna hiyo ingaliko hata leo, na wageni huenda kuitazama minyororo yake. Usiicheke upesi. Mnyororo ule uliwawezesha watu wengi kusoma kitabu kile kile mahali pale pale, bila ya mmoja wao kuondoka nacho. Hata mnyororo, basi, ulimruhusu msomaji kukifungua kitabu. Kabati la kufuli halimruhusu hata hilo.

Mtu aliyelieleza jambo hili waziwazi alikuwa Mhindi, mwalimu wa hesabu, jina lake S. R. Ranganathan. Mwaka 1924 aliiacha kazi ya kufundisha akawa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, na mwaka 1931 alitoa kitabu juu ya kanuni tano za kazi ya maktaba. Kanuni ya kwanza, iliyo mzizi wa nyingine zote, ni kuwa vitabu vipo kwa ajili ya kutumiwa. Mbili zinazofuata zahusu kumkutanisha kila msomaji na kitabu kimfaacho, na kila kitabu na msomaji wake. Ni maneno mepesi, na mtu aweza kudhani kuwa hayakuhitaji kuandikiwa kitabu kizima. Lakini yatie katika mizani pamoja na maktaba ya shule yako, uone upande gani utainuka.

Mwaka uo huo wa 1931 ilifunguliwa Nairobi maktaba ya McMillan, jengo la fahari lenye nguzo ndefu, na simba wawili wa mawe kando ya ngazi zake. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Baadaye iliwekwa mikononi mwa jiji, ikawa ya umma. Pale mlango ulifungwa kwa rangi ya mtu, kwa makusudi. Katika shule ya mashambani leo hakuna aliyekusudia ubaya. Mwalimu anaogopa hasara, na mkuu wa shule anaogopa wakaguzi wa hesabu. Hata hivyo mtoto aliyesimama nje ya mlango haioni tofauti hiyo. Aonacho ni mlango.

Watu wengi hupenda kusema kuwa vijana wa leo hawasomi kwa sababu ya simu. Nimelisikia neno hili katika mikutano ya wazazi hata nimechoka nalo. Katika shule yetu ya bweni simu ni marufuku. Mwanafunzi hukaa miezi mitatu pasipo kuishika. Kama simu ndiyo iliyoua kusoma, basi shule za bweni zingekuwa bustani za wasomaji, na wanafunzi wangesoma tangu alfajiri hadi kengele ya kulala. Sivyo ilivyo. Husoma madaftari yao, wakayakariri, wakafanya mtihani, wakayatupa. Sababu, kwa hiyo, itafutwe kwingine, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni katika mambo tunayoyafanya sisi tulioshika ufunguo.

Nitakusimulia habari ya msichana mmoja wa kidato cha pili. Kila Jumatano, mara tu baada ya chakula cha mchana, aliingia maktaba, akaenda kwenye rafu ile ile, akasoma amesimama, huku begani ameegemea ukuta. Kengele ilipolia alikirudisha kitabu mahali pake, akakipanga mgongo wake sawa na wenzake, akaondoka. Nilimwambia mara mbili kuwa aweza kukiazima akasome bwenini, naye mara zote mbili alishukuru kwa adabu asikiazime. Mara ya tatu nilimuuliza sababu. Akainama, akasema, "Mwalimu, nikikipoteza, nani atakilipa?"

Nikaja kujua kuwa kaka yake alisoma katika shule nyingine, na alipomaliza kidato cha nne alitakiwa kujaza fomu ya kuondoka, ile ambayo kila idara hutia sahihi kuwa mwanafunzi hadaiwi kitu. Idara ya maktaba haikutia sahihi. Kamusi aliyoiazima ilikuwa imepotea bwenini, na mama yao aliuza kuku wake wote ili ilipwe. Binti huyu alikuwa mdogo wakati huo, na somo alilolipata kuhusu vitabu lilikuwa hilo: kwamba kitabu ni kitu kinachoweza kula kuku za mama.

Sasa, msomaji, fikiri. Mwalimu wa Kiswahili humwambia mtoto huyu asome sana. Bango la ukutani humwambia kuwa kusoma ni nuru. Daftari la maktaba humwambia kuwa akisoma ataingia deni. Yeye ni mtoto mwenye akili, ataliamini daftari.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule na ombi moja: kwamba vitabu vya hadithi vitengwe na vitabu vya masomo, na kwamba kitabu cha hadithi kikipotea kwa bahati mbaya mwanafunzi asilipe fedha bali alipe kwa kazi. Kazi yenyewe iwe kushona na kubandika vitabu 10 vilivyochakaa. Aliniuliza, kama ilivyompasa, "Na wezi je?" Nikamjibu kuwa mwizi wa kitabu cha hadithi ni mtu aliyekipenda kitabu, nasi tunao wachache mno wa namna hiyo. Hakucheka. Alikubali kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba kila kitabu kiandikwe kitokapo na kirudipo, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Sharti hilo lilikuwa la haki. Kufungua mlango si kuacha mambo ovyo. Maktaba iliyo wazi yahitaji daftari zuri kuliko maktaba iliyofungwa, kwa kuwa katika ile iliyofungwa hakuna cha kuandika.

Mwaka ule tulipoteza vitabu 14. Mwaka uliotangulia, chini ya makufuli, vilipotea 3. Hesabu hizo zilisomwa mkutanoni kwa sauti, nami niliziona nyuso za watu. Niliomba ruhusa nikaleta mezani madaftari yote mawili ya kuazima. La mwaka wa makufuli lilikuwa na kurasa nne zilizoandikwa. La mwaka wa hasara lilikuwa limekwisha, likaunganishwa na jingine kwa uzi. Sikusema neno zaidi. Mjumbe mmoja wa bodi, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyesema kwamba dukani kwake msumari usiopotea hata mmoja ni ule usionunuliwa. Mpango ukaendelea.

Kazi ya kushona vitabu nayo ilileta faida ambayo sikuitazamia. Tuna sindano nene, uzi uliopakwa nta, gundi, vipande vya kitambaa cha sare kuukuu kwa ajili ya migongo, na msasa laini wa kusafishia kingo zilizoshika uchafu. Mwanafunzi anayeshona kitabu hukifungua. Akikifungua macho yake huangukia mstari. Na ukimwona amenyamaza na sindano imesimama hewani, basi usimwite. Baadhi ya wasomaji wangu wakubwa walikuja kwanza kama wadeni. Yule msichana wa Jumatano hakupoteza kitabu hata kimoja, lakini alijiunga na washonaji kwa hiari yake, na mshono wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Kuna mambo mengine madogo ambayo hayahitaji mkutano wala bodi. Katika shule nyingi vitabu hufunikwa kwa karatasi ya kaki ili visichafuke. Nia ni njema. Lakini ukiisha kuvifunika vyote kwa kaki na kuvipanga migongo nje, umevivika sare moja, na mtoto hawezi kujua kipi ni cha jini na kipi ni cha kilimo cha mahindi. Tulizivua kaki zote, tukavifunika vitabu kwa plastiki ionyeshayo, na kila Jumatatu kiranja husimamisha vitabu 12 juu ya meza iliyo karibu na mlango, sura zake zikitazama watu. Vinavyowekwa Jumatatu ni nadra kuvikuta Ijumaa.

Upangaji wa rafu nao una siri zake. Maktaba nyingi hufuata mpango uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao huyagawa maarifa yote katika mafungu 10 kwa nambari. Mpango huo una manufaa makubwa, nami sikuutupa. Lakini angalia jinsi ulivyogawa fasihi. Fasihi za Marekani na za lugha za Ulaya zimepewa nambari nyingi, tangu 810 mpaka 880 na kitu. Kisha lugha nyingine zote za dunia zikasongamana katika 890, na humo Afrika yote ikapewa 896. Hadithi za Kiswahili ziko kwenye 896.392. Ukizipanga rafu kwa kufuata nambari tangu mlangoni, Kiswahili kitakwenda kukaa huko ndani kabisa, karibu na historia, mahali ambapo taa haifiki vizuri na ambapo mwanafunzi mwenye haya hatafika. Nambari nimeziacha kama zilivyo, ili mwanafunzi aendaye chuo kikuu asipotee. Rafu ya Kiswahili ndiyo niliyoihamisha ikaja mlangoni. Vitabu haviwezi kutembea vyenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi, nawe uniwie radhi kama sauti yangu itapanda. Kila nikimpa mwanafunzi kitabu, swali lake la kwanza huwa, "Mwalimu, hiki kitatahiniwa?" Nikimwambia la, hukirudisha kana kwamba nimempa sahani tupu. Kosa si lake. Sisi watu wazima tumemzoeza hivyo. Katika stoo ya shule yetu nilikuta masanduku mawili yamejaa nakala za Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotolewa mwaka 1996. Ilipata kuwa kitabu teule cha mtihani, ikanunuliwa kwa wingi. Ulipofika wakati wa kubadilishwa kwa vitabu teule, nakala zote zikatiwa masandukuni na buibui wakazirithi. Kana kwamba Kongowea Mswahili, yule kijana aliyetoka Tanga akafunga safari kumtafuta baba yake hata Kitale, alikufa siku ile alipoondolewa katika orodha! Walibora mwenyewe alifariki mwaka 2020. Kijana wake hajafa, bali alikuwa amefungiwa stoo.

Tulizitoa nakala zile, tukazipangusa, tukazigawa bila swali wala zoezi. Nilitangaza jambo moja tu gwarideni: kwamba hakuna mwalimu atakayemuuliza mtu yeyote habari za wahusika, maudhui wala mbinu za lugha. Siku ya kwanza hawakuniamini. Wiki ya pili nilikuta ugomvi bwenini baina ya wavulana wawili, mmoja akimtetea baba wa Kongowea na mwingine akimlaumu, na nilisimama nje ya dirisha nikasikiliza hoja ambazo sijapata kuzisoma katika karatasi yoyote ya mtihani. Sisemi mtihani hauna kazi. Nasema mtu asomaye kwa ajili ya mtihani peke yake ataacha kusoma siku ya mwisho wa mtihani, na siku hiyo huwa na umri wa miaka 18 au 19, ana maisha marefu mbele yake.

Kwa sababu hiyo hiyo napinga desturi mbili nilizoziona katika shule kadhaa. Ya kwanza ni kuwapeleka wapiga kelele maktaba kama adhabu. Ni sawa na kumwadhibu mtoto kwa kumlisha wali, kisha ukashangaa kuwa hapendi wali. Ya pili ni kudai muhtasari wa kila kitabu kinachorudishwa. Mwanafunzi mwerevu atasoma ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, atakuandikia muhtasari mzuri. Na msomaji wa kweli, aliyemaliza kitabu usiku huku moyo ukimwenda mbio, ataona uchovu wa kuyageuza machozi yake kuwa aya tatu.

Badala ya muhtasari mimi huuliza swali moja: "Umefikia wapi?" Jibu lake hunitosha. Anayesoma hujua alipofikia, na mara nyingi hawezi kujizuia asiongeze neno.

Kuwajua wasomaji kuna thamani kuliko kuvijua vitabu. Palikuwa na mvulana wa kidato cha tatu asiyetaka kusikia habari ya hadithi. Nilimpa za mapenzi, za vita, za wanyama. Zote zilirudi siku ya pili. Nikapata kumwona Jumamosi moja kwa mwendesha bodaboda aliye nje ya lango, amepiga magoti, mikono imejaa mafuta, anaitazama injini jinsi ninavyotamani watu wautazame utenzi. Katika ofisi ya somo la fizikia palikuwa na kitabu kikuukuu cha injini za petroli chenye michoro. Nilikiomba, nikakiweka mezani bila kusema kitu. Alikaa nacho muhula mzima. Hakupata kuwa msomaji wa riwaya hata siku moja, na hilo halinisumbui. Alisoma kurasa zaidi ya 300 za maelezo magumu, akatafuta maneno katika kamusi, akanijia kuuliza maana. Kama huko si kusoma, basi sijui kusoma ni nini.

Vivyo hivyo kwa gazeti. Nakala ya Taifa Leo hufika kwetu karibu na adhuhuri, na wavulana huifungua kutoka nyuma, kwenye kurasa za kandanda. Mwalimu mmoja alitaka tuzitoe kurasa zile ili wasome habari za maana. Nilikataa. Mtu aliyezoea kufungua gazeti kila siku kwa ajili ya kandanda, siku moja gazeti lile litamfunulia ukurasa mwingine. Asiyelifungua hatafunuliwa chochote.

Njia nyingine ni kongwe kuliko vitabu vyenyewe, nayo ni sauti. Bibi zetu hawakuwa na rafu, lakini walijua mahali pa kukatiza hadithi ili watoto warudi kesho. Katika kipindi cha maktaba cha kidato cha kwanza huwasomea kwa sauti. Mara nyingi huanza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kitabu kilichoshinda mashindano ya kuandika hadithi yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, kikatolewa mwaka 1960. Humo mna maiti iliyokutwa penye mzimu, na mna Bwana Msa, mpelelezi mtulivu na kiko chake. Nasoma mpaka pale ambapo Bwana Msa ameona kitu ambacho wengine hawakukiona. Hapo nafunga kitabu, natazama saa, nasema kipindi kimekwisha. Kelele za kulalamika husikika hata ofisini kwa mkuu. Tunazo nakala nne tu, na kabla ya jua kutua zote huwa zimeandikwa daftarini. Kiswahili chake ni cha Unguja na chenye maneno ambayo watoto wa bara hawayajui. Lakini sijapata kuona mtu aliyeshindwa na neno gumu akiwa na hamu ya kumjua muuaji.

Huenda utasema kuwa shule yako haina chumba cha maktaba. Shule nyingi hazina. Lakini historia ya maktaba katika nchi yetu haikuanza na vyumba. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka vitabu kwa watu ndani ya masanduku, hata mahali ambapo hapakuwa na jengo la maktaba. Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, ilianzisha mwaka 1996 huko Garissa maktaba ya ngamia: ngamia hubebeshwa masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema, na msafara huenda kwa wafugaji na shule zilizo mbali na barabara. Hema hupigwa, mikeka hutandikwa, watoto huketi wakasoma. Nilipoisoma habari hiyo niliutazama uwanja wetu, hatua 60 baina ya maktaba na mabweni, nikaona haya kwa niaba ya uwanja. Tukatengeneza masanduku manne ya mbao, moja kwa kila kidato, yenye vitabu 30 kila moja. Huzunguka kila baada ya wiki mbili. Hayana kufuli.

Na wewe kiranja, kama wewe ndiwe unayesoma haya, ninayo maneno machache kwako. Utakapokaa mlangoni, usiwe askari. Mwenzako akikirudisha kitabu kimechelewa, mwandikie kimerudi kwanza, habari ya kuchelewa ije baadaye. Anayekaripiwa kwa kurudisha hatarudisha tena. Soma mwenyewe, tena usome mbele ya watu, maana mlinda mlango anayecheka peke yake juu ya kitabu huvuta wateja kuliko tangazo lolote. Na ukiona mtu asomaye amesimama kila wiki, rafu ile ile, asiyeazima, mwendee polepole umuulize sababu.

Mpango wetu wa mwisho, nao ndio uliobishaniwa kuliko yote, ni kuazima vitabu wakati wa likizo. Walimu wenzangu waliona kuwa huo ni wazimu: kitabu kikipanda matatu na mwanafunzi, kikaenda mpaka nyumbani kwenye mbuzi na wadogo zake wa miaka mitatu, nani atakiona tena? Tulikubaliana kuanza na kitabu kimoja kwa kila anayetaka. Likizo ya kwanza vilitoka 87. Siku ya kufungua shule nilikaa mlangoni na daftari tangu asubuhi, nakiri moyo wangu ukidunda, nikivipokea kimoja kimoja. Vilirudi 81. Vingine vilinuka moshi wa kuni. Kimoja kilikuwa na unga wa mahindi baina ya kurasa, na kimoja kilikuwa kimefungwa kwa ustadi katika gazeti na uzi wa katani, kama zawadi.

Mvulana aliyekileta kile cha unga alisimama mbele yangu hakuondoka. Nilidhani anataka kuomba msamaha kwa sababu ya uchafu. Kumbe alikuwa na ujumbe. Alikuwa amemsomea nyanya yake kitabu chote jikoni, jioni baada ya jioni, na siku ya kuondoka kwake sura mbili zilikuwa zimebaki. Nyanya yake alimtuma aniulize kama kitabu kile chaweza kurudi nyumbani likizo ijayo.

Daftari letu lilikuwa na safu nne: tarehe, jina, kitabu, sahihi. Jioni ile nilichukua rula nikapiga mstari wa safu ya tano, nikaandika juu yake, "Wengine waliokisoma au waliosomewa." Kwa kuwa kurasa ni nyembamba imebidi tununue daftari pana zaidi.